Mnong'ono wa Mti wa Balete

Ilikuwa Ijumaa mbele ya kanisa la Quiapo, watu wamebanana, wauza mishumaa wanapiga kelele. Kleto akakanyaga upindo wa sketi ndefu ya buluu. Mwenye sketi akageuka.

“Wee kaka, hayo macho umeyaweka ya urembo?”

“Samahani, dada. Mimi kazi yangu masikio. Nanasa sauti za sinema.”

“Basi sikia hii: nitolee mguu!”

Akacheka mwenyewe. Alikuwa Salud, mwimbaji aliyeitwa na studio ileile aliyofanyia kazi Kleto, kuigiza binti wa mizimu, katika filamu ya sauti, kitu kipya kabisa Manila. Tangu siku ile Kleto akawa haishi kumpelekea mikate ya mchele ya moto.

Mchana mmoja, wenzao wakila, alimposa chini ya balete, mti mkubwa ambao chini yake walikuwa wakipiga filamu.

“Utanivumilia, mpenzi?”

“Nimekuvumilia tangu uliponikanyaga. Nimekubali, mshamba wewe.”

Kleto akarudi kwenye kibanda chake cha kunasia sauti akipiga mluzi, akavaa visikilizio masikioni kujaribu kipaza sauti alichokificha matawini. Sauti ya Salud ikamjia, ikinong'ona peke yake pale mtini:

“Simpendi mtu yule. Si kitu kwangu. Msimtazame.”

Akavua visikilizio. Hakuuliza. Alilelewa na mapadri mjini. Kwake, mtu akinong'ona peke yake, anaungama. Akaacha kazi. Salud alipopiga simu, akamjibu, “Kamdanganye mwingine.” Alipopiga tena, hakupokea.

Filamu ilipoonyeshwa, kwenye onyesho la mchana, Kleto alikaa karibu na Aling Sepa, mama aliyekuwa akiwapamba waigizaji. Wakati wa mapumziko akamweleza uchungu wake na mnong'ono aliousikia mtini. Mama akamshika mkono.

“Maskini mwanangu! Kwetu milimani, alikozaliwa Salud pia, mizimu ya balete ina wivu. Humchukua anayependwa. Ndiyo maana tunamkana. Alikuwa anakuficha!”

Kleto akakimbilia simu ya hoteli ya ng'ambo ya barabara, akimwomba Mungu njia nzima. Akapiga nyumbani kwa kina Salud; akapokea mwenyewe.

“Salud, nisamehe. Sasa nimeelewa.”

“Nimeolewa Jumamosi, Kleto. Tumekuja kuwaaga wazazi. Mume wangu yupo hapa, anauliza ni nani.”

“Utamwambia nini?”

Akasikia pumzi yake, halafu mnong'ono uleule:

“Simpendi mtu yule. Si kitu kwangu. Msimtazame.”

Simu ikakatwa. Ng'ambo ya barabara, milango ya sinema ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sauti ya Salud ilitoka humo ikiimba wimbo ambao Kleto mwenyewe aliunasa kwa ajili ya filamu.