Kizunguzungu cha Saa Kumi

Dafroza aliishi Suguti pamoja na mumewe Masatu na binti yao Jenipher. Masatu alikuwa mvuvi. Alikaa kambini Murangi siku tano, kisha akarudi nyumbani siku mbili. Jenipher alisoma darasa la sita. Dafroza alilima.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Shambani ulibaki muhogo tu, ule mchungu ambao hata nyani hawaugusi. Dafroza aliung'oa, akaumenya, akauanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Makopa yalipokauka aliyapeleka mashineni, akarudi na unga mweupe kabisa. Ugali walipika mara moja tu kwa siku, mchana; usiku walikunywa chai.

Wiki ya pili kizunguzungu kilianza. Dafroza alikuwa anafagia uwanja, saa kumi jioni. Ghafla ardhi ikazunguka. Kichwa kikagonga kama ngoma. Akashika ukuta, akatapika. Alipojaribu kutembea, magoti yalitetemeka. Aliona kama anatembelea miguu ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi alikuwa mzima. Saa kumi kikaja tena.

Jirani yake, Marieta, alimkuta amekaa chini kwenye kivuli cha nyumba.

"Hiyo ni presha, mama Jenipher," alisema Marieta. "Mimi ilinianzaga hivyohivyo. Ngoja nikuletee vidonge vyangu."

Dafroza alimeza kidonge kimoja. Baada ya muda alisimama kwenda kuchota maji. Macho yakaingia giza, akaanguka na ndoo yake. Marieta alipiga kelele. Wakamwita kijana wa bodaboda, wakampeleka zahanati.

Tabibu wa zahanati aliitwa Benson. Alimpima malaria, hakuna. Alimpima sukari, iko sawa. Alimpima presha, akatikisa kichwa.

"Presha yako iko chini sana. Umemeza nini?"

Marieta alitazama sakafu. "Nilimpa vidonge vyangu, daktari. Nilitaka kumsaidia."

"Najua ulitaka kumsaidia," alisema Benson. "Lakini dawa yako imepimwa kwa mwili wako. Kwake ingeweza kumuua."

Alimlaza mpaka presha ikapanda, kisha akamwandikia barua ya kwenda hospitali Musoma. "Kichwa kinaweza kuzunguka kwa sababu nyingi," alisema. "Upungufu wa damu, ugonjwa wa sikio, presha, hata ubongo. Tusikisie. Tutafute."

Musoma, Dafroza alifikia kwa wifi yake Stellah, huko Mwisenge. Kwa siku nne alikwenda hospitali na kurudi. Walimpima damu, wakamchungulia masikio, wakamwambia afuate kidole kwa macho. Hawakuona ugonjwa. Daktari akamwambia, "Mama, kila kikija, andika. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini. Kisha mpelekee tabibu wako."

Lakini jambo moja lilimshangaza Dafroza. Siku zote nne za Mwisenge, saa kumi ilifika ikapita. Kizunguzungu hakikuja hata mara moja.

Alirudi Suguti akiwa na furaha. Siku ya pili tu, saa kumi, ardhi ikazunguka.

Masatu alirudi kutoka kambini akamkuta amelala. Alisikiliza habari yote.

"Mama Jeni, mjini hukuumwa?"

"Sikuumwa."

"Hapa unaumwa?"

"Siku ya pili tu kikanirudia."

"Basi ni nyumba hii. Kuna mtu ameweka kitu. Tuhame. Kaka yangu ana kiwanja Bunda."

Dafroza aliogopa. Aliwaza kuacha shamba, shule ya Jenipher, kanisa lao. Lakini swali moja halikumtoka kichwani.

"Baba Jenipher, wewe hulali humuhumu? Mbona wewe hupatwi na kizunguzungu?"

Masatu alizitazama kuta za nyumba.

"Nipe wiki mbili," alisema Dafroza. "Daktari aliniambia niandike. Niandike kwanza, ndipo tuhame."

Jenipher alitoa daftari. Kila jioni mama alisema, binti aliandika. Mchana ugali na mchicha: saa kumi kizunguzungu. Mchana ugali na mlenda: saa kumi na nusu kizunguzungu, magoti mazito. Siku moja Dafroza alikwenda msibani, akala wali na maharage. Jenipher aliandika: hakuna.

Jumamosi jioni binti aliweka kalamu chini. "Mama, na mimi niandike? Kichwa kinaniuma. Jumamosi iliyopita pia kiliniuma."

"Na siku za shule?"

"Siku za shule hapana. Shuleni tunakulaga makande."

Dafroza aliliangalia daftari muda mrefu: kila siku ya kuumwa ilikuwa na ugali wa nyumbani. Usiku ule hakuiogopa tena nyumba. Alilala akitamani kukuche.

Jumatatu alimpelekea Benson daftari. Masatu alikwenda naye; wiki ile hakurudi kambini. Benson alisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mzee Masatu," aliuliza, "huko kambini unakula nini?"

"Ugali wa mahindi tunanunua. Na samaki, kila siku."

"Na Mwisenge, mama, ulikula nini?"

"Wali. Ugali wa dona, wa mahindi. Dagaa."

Benson alimkalisha Dafroza juu ya kitanda, miguu ikining'inia. Akamgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka juu kwa nguvu. Dafroza akacheka.

"Umeruka wenyewe!"

Benson hakucheka. Aligonga wa pili, nao ukaruka vilevile. "Miguu yako inaanza kushtuka kupita kiasi," alisema. "Mama, makopa yenu mnayatengenezaje?"

"Tunamenya, tunaanika juu ya mwamba, tunasaga."

"Mnayaloweka siku ngapi?"

"Zamani niliyalowekaga siku tatu. Mwaka huu kisima kimekauka, na ndani hakukuwa na chakula. Sikuyaloweka."

Benson alivuta kiti karibu. "Muhogo mchungu una sumu. Mwaka wa ukame sumu inazidi. Ukiloweka muhogo siku tatu au nne mpaka ulainike, sumu nyingi inatoka. Usipoloweka, unaila. Saa chache baadaye kichwa kinazunguka na unatapika. Mzee ameepuka kwa sababu anaula unga huo siku mbili tu, na samaki wanausaidia mwili wake kuishinda sumu. Ukiendelea kwa wiki nyingi, bila samaki wala maharage, unaweza kupata ugonjwa unaoitwa konzo. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla."

"Inapona?" aliuliza Masatu.

"Hairudi kama zamani. Ndiyo maana nafurahi mmekuja leo."

Masatu alikuna kidevu. "Unga ule ni mweupe, daktari. Hauna hata harufu."

"Sawa. Usiniamini mimi. Nitamwita afisa lishe wa wilaya, mwone kwa macho yenu. Mpaka hapo, msile huo unga."

Afisa lishe aliitwa Miriamu. Alifika nyumbani kwao Alhamisi akiwa na chupa mbili ndogo na vikaratasi vya njano. Kwenye chupa ya kwanza alitia unga wa Dafroza kama ulivyo, na maji kidogo.

"Unga huu hatuutupi," alisema. "Leteni beseni na mkeka."

Alimimina unga mkavu ndani ya beseni, akausawazisha, akachora alama ulipofika. Akaongeza maji kidogokidogo huku akichanganya. Kwanza unga ulishuka. Akaendelea mpaka ulipopanda tena ukafika kwenye alama. Kisha akautandaza juani juu ya mkeka, mwembamba, usiozidi unene wa kidole kidogo.

"Juani masaa mawili. Kivulini masaa matano. Sumu inaondoka na hewa. Halafu unapika ugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga wenye maji unaharibika."

Baada ya masaa mawili alitia unga ule kwenye chupa ya pili. Kila chupa aliiwekea karatasi ya njano, akaifunga vizuri. "Msifungue mpaka kesho. Penye sumu karatasi itageuka kahawia."

Asubuhi Masatu ndiye aliyetangulia mezani. Karatasi ya chupa ya pili ilikuwa bado ya njano. Ile ya kwanza ilikuwa imegeuka kahawia, kama chai ya rangi.

Aliishika chupa ile, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ndiyo tulikuwa tunampa mtoto," alisema polepole. Hakutaja tena habari ya Bunda.

Tangu siku ile walichanganya unga kila walipopika, wakautandaza. Masatu alileta dagaa kutoka Murangi, na Dafroza akanunua maharage. Muhogo mpya aliuloweka kwenye pipa, hata kama maji aliyafuata mbali. Wiki ya kwanza kizunguzungu kilipungua. Wiki ya tatu hakikuja. Kichwa cha Jenipher kiliacha kuuma. Benson aligonga magoti ya Dafroza kila mwezi, na mwezi wa tatu miguu ilitulia.

"Lakini kumbuka," alimwambia, "si kila kizunguzungu ni muhogo. Na mtu akipinda mdomo au akilegea upande mmoja ghafla, msiandike daftari. Mkimbizeni hospitali saa ileile."

Jumapili moja, baada ya ibada, Dafroza aliwaonyesha akina mama wenzake namna ya kuchanganya unga. Marieta alishika beseni. Wanawake waliuliza maswali mengi. Mmoja aliuliza kama jua dogo linatosha. Mwingine aliuliza kama watoto watakubali ladha.

Walipotawanyika, mama mmoja alibaki. Jina lake Kwangu. Alisubiri mpaka wengine wakafika mbali.

"Mama Jenipher," alisema kwa sauti ndogo, "binti yangu anatembelea vidole tangu juzi. Magoti yanagongana. Watu wanasema ni laana. Nimemficha ndani."

Dafroza aliweka beseni chini.

"Anaweza kukaa kwenye bodaboda?"

"Nikimshika, anaweza."

"Basi twende tukamtoe ndani. Benson yupo hata Jumapili."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi," alisema Dafroza, na alikuwa ameshaanza kutembea.