Sahani ya Mzee Pontien

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ndogo ya Uvira, muuguzi Naomie alimkuta Mzee Pontien amelowa jasho, meno yamekazana, haitiki. Alimpima sukari, akakuta imeshuka vibaya. Akamtundikia maji ya sukari mshipani, akakaa kando yake akimwita jina, na kabla jua halijavuka milima ya upande wa Burundi mzee alikuwa amefungua macho.

Wakati huo Fabiola, binti yake, aliingia kuchukua vyombo vya jana. Aliona chupa inaning'inia, aliona shuka limelowa, akasikia mgonjwa mmoja akitaja sindano ya usiku. Hakungoja zaidi. Alinyanyua kikapu chake chenye vyombo, akaenda nacho moja kwa moja polisi.

Saa mbili alirudi na Inspekta Eliane. Huyu alikuwa mpelelezi, mama wa watoto watano, na hakuwa na subira na watu wanaolia kabla ya kueleza. Alimwambia Fabiola apanguse uso kwanza, kisha aseme.

Fabiola alisema baba yake, mwenye mtumbwi wa injini pale bandarini Kalundu, ana ugonjwa wa sukari. Kila jioni hupigwa insulini, sindano ya kushusha sukari. Jana alikuwa mzima, anacheka. Usiku muuguzi amempiga sindano nyingi.

"Ule musichana alitaka kumuua baba. Minye nataka alale mu kasho ya polisi leo."

Eliane alimwita Naomie kwenye veranda. Naomie alieleza bila kupepesa macho: alipiga dozi ile ile aliyoandika daktari, saa moja jioni, baada ya kumuuliza mzee kama amekula. Mzee alisema amekula. Sahani ilikuwa imeshafunikwa.

Muuguzi mwenzake wa zamu alimvuta Eliane pembeni. Alinong'ona kwamba asubuhi alimshauri Naomie aseme alipiga nusu ya dozi, mambo yaishe. Naomie alikataa. Alijibu kwamba akidanganya juu ya dozi, daktari naye atatibu uongo.

Eliane aliliweka hilo moyoni. Mwenye hatia hakatai mlango anaofunguliwa. Hata hivyo, mtu mkweli naye hukosea kupima.

Akamgeukia mgonjwa. Mzee Pontien alikuwa amekaa, uso umerudi rangi. Alisema alikula jana, bugali na samaki, akamaliza yote. Aliulizwa mara ya pili, akakasirika.

"Minye nilikula. Mwenye kula ni minye, weye utajua kunipita?"

Kitanda cha pili kililaliwa na Osée, mkulima wa Lubarika, kule bondeni, mguu wake umefungwa bendeji mpaka gotini. Alisema hakuona kitu, alilala mapema. Alisema hayo akiutazama ukuta.

Hapo Fabiola akamkumbuka mtu mwingine. Jana jioni Nasoro, mfanyabiashara wa mawese, alimletea baba yake chai ndani ya termosi. Na Nasoro na mzee waligombana mwaka jana juu ya mzigo wa chumvi uliolowa ziwani.

Nasoro aliitwa kutoka Kalundu. Alifika na kofia yake nyeupe, akaisikia tuhuma mpaka mwisho, akacheka.

"Mama Inspekta, ile chai nilikunywa vikombe viwili, yeye kimoja. Kama iko sumu, basi mumeita maiti. Tena haikuwa na sukari, sababu najua ugonjwa wake. Chumvi ilishaisha, tulisameheana."

Eliane alimuuliza aliondoka lini. Alisema alipotoka kwenda kuswali magharibi, chakula kilikuwa bado kimefunikwa. Alimhimiza rafiki yake ale, naye akajibu kwamba hana hamu.

Basi kati ya magharibi na saa moja, mtu asiye na hamu alimaliza sahani nzima. Inawezekana. Lakini Eliane alikuwa ameona jambo jingine. Tangu alipofika, Naomie, ambaye zamu yake ilikwisha asubuhi na ambaye anatajiwa kasho, hakuwa amekwenda kutafuta wakili wala ndugu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mzee, akimwangalia anavyomeza uji, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likakauka. Muuguzi anayeamini mgonjwa wake hula vizuri hafanyi hivyo.

"Fabiola," alisema, "vile vyombo umeshaosha?"

Havikuwa vimeoshwa. Kikapu kilikuwa bado mkononi mwake. Eliane alifunua sahani. Bugali haukubaki hata chembe. Nyama ya mukeke, samaki wa ziwa lao, ilikuwa imeliwa safi, miiba imepangwa pembeni. Kichwa kilikuwa kizima.

"Baba yako anaachaka kichwa?"

"Baba?" Fabiola aliona ametukanwa. "Muntu wa Kalundu aache kichwa cha mukeke? Anaanzaka nacho. Sisi watoto hatukuwahi hata ku..." Akaitazama tena sahani.

Eliane aliingia wodini na wote nyuma yake. Alisimama kati ya vitanda viwili, sahani mkononi. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba hospitali hii haina jiko. Mgonjwa hula anacholetewa na ndugu. Mvua imekata barabara ya bondeni, na mtu wa Lubarika hajaletewa kitu. Kisha akamtazama Osée tu.

"Iko minye," Osée alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Juzi alinipa nusu. Jana alinipa yote. Kwetu tumezoea ndagala, vile visamaki vidogo, Mama. Kile kichwa kilikuwa kinaniangalia, nikashindwa."

Nasoro alicheka, akajizuia.

Osée alieleza kwamba asubuhi alipoona polisi aliogopa kufukuzwa kabla mguu haujapona. Akamwomba Naomie msamaha, bado anautazama ukuta.

"Nakuelewa weye," Eliane alisema. "Niliyekuwa namtafuta ni huyu. Mzee, muuguzi alikuuliza, ukamdanganya. Leo asubuhi ungeacha afungwe."

Mzee Pontien aliinamisha kichwa. Alisema kwamba tangu utoto wake, mtu akila kwako humtangazi, unamwaibisha. Alifikiri kukosa chakula ni njaa tu, itapita.

"Waliniambia nisile sukari. Sikujua sindano nayo inataka ikute chakula."

"Hilo lilikuwa la kwangu kukueleza," Naomie alisema. "Niliuliza, sikufunua sahani. Nitamwambia daktari hivyo hivyo."

Eliane alimuuliza kama tangu asubuhi alikwisha kujua nani alikula sahani ile.

"Alipozinduka aliomba kula kama mtu aliyeshinda njaa. Na Osée alikuwa analia. Nikamwambia daktari mzee hakula, sindano isirudiwe mpaka nimwone akimeza. Nani alikula, sikusema. Wote wawili ni wagonjwa wangu."

"Ningekulaza kasho."

"Ningelala, Mama. Lakini siwezi kujitetea kwa kumtaja mwenye njaa."

Eliane alifunika sahani. Alisema kesi hakuna, akamwomba Nasoro, ambaye magari yake hupakia mawese bondeni, amtafute mke wa Osée barabara ikifunguka. Nasoro alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Jioni Fabiola alirudi na sahani mbili. Moja aliiweka mbele ya baba yake, nyingine kwenye kitanda cha Osée, akamuuliza kama ndagala wamekolea chumvi. Naomie alikuwa amerudi zamuni, amesimama na sindano yake bado imefunikwa, akingoja mzee ale. Fabiola alitoka, akarudi na kigoda alichoazima kwa mlinzi, akakipangusa kwa kitenge chake.

"Kaa, Mama Naomie," alisema. "Baba anakulaka polepole. Aksanti kwa kumuamsha."

Naomie alikaa.