Kelele Nazo Hupimwa

Mama Sindano alikuwa mshonaji hodari. Kiuno chako alikijua kabla hujavua koti. Lakini vipimo vyake vilikuwa vya nguo tu. Akifungua mdomo, inchi moja iligeuka maili.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alifanya kazi usiku, akarudi asubuhi, akaoga, akajitupa kitandani. Akifumba tu macho, ng'ambo ya ukuta Radi anaanza. Radi alikuwa fundi wa spika. Kila spika aliyoitengeneza aliijaribu barazani, kama mtu anayetaka isikike mwezini.

Juma moja mume alisinzia kazini. Trei mbili za mikate zikawa makaa. Tajiri wake akamwambia, "Ukisinzia tena, kalale kwako moja kwa moja."

Mama Sindano akaenda ofisi ya manispaa, kwa mama anayepokea malalamiko ya wakazi. Ilikuwa mara ya tatu.

"Bi Afisa, yule mtu ni kelele kutwa kucha! Hapumziki hata kupiga chafya! Jana bati letu limeruka, tumelikuta sokoni!"

Bi Afisa hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Akafungua faili.

"Dada yangu, mara ya kwanza ulisema kutwa kucha. Nikatuma mtu saa tisa alasiri. Kimya. Mara ya pili ukasema kutwa kucha. Nikaja mwenyewe jioni. Kimya. Sasa nimwandikie barua gani? Ya kumpongeza?"

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Mteja akikwambia, 'Nishonee gauni, mimi mnene kupita kiasi,' utakata kitambaa?"

"Nikate nini? Nampima kwanza!"

"Basi kelele nazo hupimwa."

Akampa karatasi yenye mistari. Tarehe. Zilianza saa ngapi, zikakoma saa ngapi. Ulisikia nini. Zilikudhuru vipi.

"Andika palepale. Siku ya kimya iandike pia. Niletee baada ya wiki mbili. Nikishajua saa, nitakuja nisikie kwa masikio yangu, kisha nimsikilize na yeye. Kwanza tunaonya kwa mdomo. Akikaidi, barua ya onyo. Akizidi kukaidi, ndipo tunamfikisha kwenye sheria."

"Na nikizimwagia maji spika zake?"

"Hapo karatasi ataijaza yeye."

Siku ya kwanza Mama Sindano aliandika: "Mbingu zimepasuka." Akaitazama. Akaifuta. Akaandika: "Spika. Saa tatu na robo hadi saa tano na nusu. Mume ameamka mara nne."

Baada ya wiki mbili alihesabu. Siku tisa za kelele, siku tano za kimya. Na kelele zote zilikuwa za asubuhi! Mwenyewe alishangaa.

Bi Afisa alisoma, na kesho yake akafika saa tatu na nusu. Sauti ilimpokea kona ya mtaa. Akaingia kwa Radi na ile karatasi. Mama Sindano akamfuata nyuma.

Radi akazima spika, akaisoma. "Amelala? Asubuhi hii? Shemeji, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ukutani!"

"Ukutani ulisema, 'Zima hilo dude, mwana wa ngurumo!' Mimi nilidhani tunataniana."

 

"Wateja wako huja saa ngapi?" Bi Afisa aliuliza.

"Saa kumi na moja jioni."

"Basi jaribu spika saa tisa, mume wa dada akishaamka. Ndani, mlango umefungwa. Hili ndilo onyo la mdomo. Asubuhi zikisikika tena, barua itafuata."

Wakakubaliana, wakatia saini wote wawili.

Mume akalala. Alilala usingizi wa mtu aliyekuwa na deni nao. Kazini mikate ikatoka na rangi yake nzuri, na tajiri akaacha kumkodolea macho.

Asubuhi moja Radi alileta suruali ya kupunguzwa. Akasimama mlangoni, akasikiliza ndani.

"Shemeji, sasa ni zamu yangu kwenda manispaa. Mumeo anakoroma kutwa kucha, spika zangu zinatetemeka rafuni!"

Mama Sindano akaweka mkasi chini, akachukua karatasi na penseli.

"Usitie chumvi, shemeji. Ameanza saa ngapi?"