Msalaba wa Shaba Kwenye Kinanda

Jua lilikuwa linazama nilipobeba kinanda changu begani kwenda kanisani, mtaa wa Hewa Bora, huku nikimtukana moyoni Donat aliyeniita nikilete. Haja yake, mgongo wangu!

Mimi sijui kuzunguka maneno. Vile vinanda vya ng'ambo ni upuuzi mtupu: vitufe tele, na mpigaji anajua viwili. Sintetiza yangu, kinanda cha umeme nilichokitengeneza bila kufundishwa na mtu, haina kitufe hata kimoja. Ina msalaba wa shaba tu. Weka kiganja, sauti inatoka. Telezesha kidole kwenye mkono mmoja wa msalaba, sauti inanenepa. Kwenye mkono mwingine, inalia kama mtoto. Hata asiyejua muziki anapiga.

Msalaba aliuleta Donat, kiongozi wa kwaya, yule mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili yake. Ulifukuliwa Lukafu, kwenye kaburi la wale wazee wa kale waliozikwa na shaba yao.

"Papa Michée," alininong'oneza siku ile, "mbele ya kuigusa, umwange bunga chini. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni miye. Toka hapa na bulozi yako!"

Sikumwaga unga wowote; fundi haogopi uchawi. Nikaufunga msalaba kwenye kinanda, nikamwita bibi yangu, Hortense, awe wa kwanza kujaribu. Mimi nilioa sauti kwanza, mwanamke akafuata. Alikuwa ameiacha kwaya kwa sababu ya mikono ya Donat isiyotulia, na Donat hakulimeza lile.

Aliweka kiganja. Akaimba kidogo.

"Inavuta," alisema. "Michée, inavuta mukono."

"Ni kuran ya umeme tu," nikamjibu. Fundi mzima!

Basi, kanisani nilimkuta Donat peke yake. Nikachomeka waya. Giza likaingia... na kuran ikakatika, desturi ya mji huu.

Kinanda hakikunyamaza.

Mmm... mmm...

Nikachomoa waya kwa mkono wangu. Mmm... Harufu ya udongo uliochimbwa ikajaa kanisani.

"Michée..."

Sauti ya Hortense.

"Michée, huku iko baridi."

Nikapiga simu nyumbani. Akapokea. Pumzi tu. Pumzi ya mtu anayefungua kinywa na kukuta sauti haimo.

"Alikataa kutuimbia," Donat akanong'ona, meno nje. "Sasa ataimba."

"Mujinga weye! Uliniambia bunga!"

"Nilijua hutamwanga. Uko kichwa nguvu."

Ndipo, ndani ya kinanda, nyuma ya sauti ya bibi yangu, mzee mmoja akakohoa.

Meno ya Donat yakafichika. Hata yeye, mpumbavu yule, hakujua amemwamsha nani. Alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Unga nimemwaga. Padri amenyunyiza maji yake. Hortense bado bubu. Jioni anaweka kiganja juu ya msalaba, na sauti yake inatoka humo kunigombeza kwa kusahau chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Hivyo ndivyo tunavyoongea. Nikikivunja kinanda, nitabaki na nini?

Jana alikuwa jikoni anasonga bukari. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mwiko. Niliiona.

Kinanda kikasema, kwa ile sauti niliyoioa:

"Michée. Weka mukono yako sasa."

Sijaweka.

Lakini tangu jana kiganja kinaniwasha.