Bilionea Aliyeishiwa na Siku za Kumwona Mama

Asubuhi hiyo ya Desemba nyumba ya Greenwich, mji wa matajiri mbali kaskazini mwa Florida, ilikuwa imetulia. Gretchen alikuwa akimlisha mama yake, Lorna, uji wa shayiri kitandani, na Mama Lorna alikuwa akicheka, uji umemganda kidevuni. Ndipo daktari alipoingia, akamvuta Gretchen kando. Moyo wa mama umechoka, alisema, hautauvuka mwaka.

Gretchen hakulia. Alimpigia simu mdogo wake, Tad, kule Florida.

Ndugu msomaji, Tad huyu ni bilionea. Kazi yake ni kukusanya fedha za matajiri wenzake na kuzichezesha sokoni; wakipata anakula, wakipoteza anakula vilevile. Kampuni ya watu ikiyumba, yeye huweka dau kwamba itaanguka, kisha huomba ianguke upesi. Nyumba aliyokaa mama ilikuwa yake. Lakini alikuwa amehamia Florida ili asilipe kodi ya jimbo alilozaliwa, na sheria ni kwamba akikaa katika jimbo hilo zaidi ya nusu mwaka, kodi inamrudia. Hata saa moja huhesabiwa siku nzima.

"Dada, siku zangu za huko zimekwisha," Tad alisema. "Wakili amenikataza kabisa. Nikikanyaga huko kabla ya Januari, wananikamua kodi ya mwaka mzima."

"Zako zimekwisha? Tad, za mama ndizo zinazokwisha!"

"Basi natuma ndege imlete huku."

"Hawezi hata kugeuzwa kitandani, wewe unaniambia ndege! Si Julai nzima ulikuwa hapa ukicheza gofu? Hukuona siku zinaliwa?"

"Ile ilikuwa kazi, nilikuwa na wateja. Mwambie mama avumilie kidogo tu."

Avumilie! Jamani, mtu anaambiwa aahirishe kufa ili mwanawe aokoe fedha ambazo hata wajukuu wa wajukuu wake hawatazimaliza. Huo ni unyama, na hakuna jina jingine la kuupa.

Tangu hapo kila asubuhi Mama Lorna aliuliza, "Tad yuko njiani?" Gretchen alijibu kwamba theluji imefunga viwanja vya ndege. Siku moja mama alitazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka.

"Theluji gani, mwanangu?" aliuliza taratibu. "Usihangaike kunidanganya."

Hakuuliza tena, ila kila siku aliutazama mlango. Alifariki mwaka mpya ukikaribia, na hata msiba haukumtoa Tad Florida. Alitua Januari na gari zima la maua.

"Mpelekee wakili wako," Gretchen alimwambia, akampa kisogo.

Baada ya mazishi watu walitawanyika. Tad alibaki sebuleni na binti yake wa pekee, Annelise, aliyekuwa ameyasikia yote kwa shangazi yake na sasa alikuwa akivaa koti.

"Kaa nami hata hadi Jumapili, mwanangu," alimwomba.

Annelise alifunga vifungo vyake kimoja kimoja. "Siwezi kukuahidi, Baba. Nimuulize kwanza wakili wangu kama nimebakiwa na siku."

Akatoka. Tad aliketi kwenye kiti cha mama yake, akilia peke yake katika nyumba ile kubwa.

Mafunzo

Wenye mali na sisi tusio nayo, mzazi akikuita, nenda siku hiyo hiyo. Tad angeweza kuilipa kodi ile bila kuhisi lolote. Alichagua kutoilipa, na mama yake akafa akiutazama mlango. Watoto wetu wanaona tunavyowatendea wazazi wetu. Annelise aliona.