Marahaba ya Hellen

Shuka lilikuwa kavu, lakini chumba kizima kilinuka mkojo. Gladness, binti wa miaka saba, alikaa kitandani amejikunyata. "Si mimi, mama," alinong'ona. "Ni yeye."

Hellen alimchapa. Aibu ilimtafuna: yeye, mwenyekiti wa akina mama parokiani huko Kilema, mwanawe kikojozi! Daktari alishuku figo, akaagiza kipimo. Hellen hakungoja. Aliteremka kwa siri kwa mganga mmoja huko Shirimatunda, akarudi na hirizi iliyoshonewa sindano ndani, akamfunga mtoto kiunoni. Mficha uchi hazai, lakini mficha mganga huitwa mcha Mungu.

Siku ya kipimo ikafika. Hospitali moja ya mjini ilikuwa na mashine mpya ya sumaku, ya kupiga picha za figo na kibofu bila kumpasua mtu. Filbert, mwendeshaji wake, aliuliza, "Mama, mtoto hana chuma chochote mwilini? Hata pini?"

Sista Magdalena, nesi aliyemjua Hellen tangu komunyo ya kwanza, alikuwa amemshika Hellen mkono.

"Hana," Hellen alisema. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha mtoto gauni la hospitali.

Gladness akasukumwa ndani ya tundu. Mashine ikagonga, ko, ko, ko. Filbert akashtuka, akaizima, lakini kugonga hakukukoma, kulizidi, na harufu ya mkojo ikajaa mle chumbani hadi macho yakawasha, na kitu kikachomoka kiunoni mwa mtoto, kikapasua gauni na kunata juu ya tundu, na Hellen, aliyejua fika ni kitu gani, akashindwa hata kumwita mwanawe jina.

Filbert alimvuta Gladness nje. Alikuwa mzima.

"Hirizi ya nani hii?" Sista alinong'ona.

"Siijui."

Gladness aliinamisha kichwa. Ndipo ndani ya lile tundu tupu sauti ya mtoto ikasema, kwa adabu zote, "Shikamoo, mama."

Mtoto akiamkia, mkubwa huitikia. Ndivyo Hellen alivyolelewa. Ulimi ukatangulia akili.

"Marahaba, mwanangu."

Kugonga kukakoma. Sista akamwachia Hellen mkono. Kitu kikamwingia Hellen tumboni, kikajikunja humo, kikatulia, na joto likamshuka mapajani hadi kwenye viatu vyake vya kanisani, mbele ya wote. Gladness, mkavu, akachukua sweta lake kitini, akampa mama yake ajifunge.