Homa ya Laptopu

Ujia wa mafundi ulikuwa umefurika watu, na mwanamke wa gauni la kijani alipenya katikati yao amekumbatia taulo kifuani. Fundi wa kompyuta alikuwa akirudi dukani kwake, macho kwenye simu. Wakagongana. Mkono wa fundi ukagusa lile taulo, akashtuka.

"Dada, mtoto anachemka. Zahanati ni jengo la pili, wahi."

"Si mtoto," alisema mwanamke. "Ni laptopu."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke naye akacheka, kisha akajishangaa, maana hakuwa amecheka tangu mumewe azikwe, mwaka na miezi miwili.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Laptopu ilikuwa ya marehemu. Iliunguruma kama mtu mwenye kifua, ikipata moto sana inajizima yenyewe.

"Itengeneze isizimike," alimwambia fundi. "Lakini isibadilike."

"Isibadilike nini?"

"Wewe tengeneza tu."

Siku tatu laptopu ilipokuwa dukani, simu haikupoa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Anamuulizia mama yake."

"Una maneno, fundi."

"Na wewe una sauti, mwalimu. Ukikata simu, duka linakuwa kubwa."

Siku ya tatu mwalimu alivaa hereni kabla ya kupiga, ingawa hakuna wa kumwona.

Fundi alipofungua mashine aliikuta feni imezibwa na sufu ya buluu, imejiviringisha kama kiota.

"Mwalimu, hii unaiweka wapi?"

"Mezani," alidanganya.

Kumbe kila jioni aliilaza kitandani, upande wa mume, akaifunika kwa sweta ya buluu ya marehemu. Mashine ikipata joto, feni ikiunguruma, mwalimu alikuwa na mtu anayepumua ubavuni mwake. Hapo ndipo alipopata usingizi.

Aliichukua Ijumaa. Jumamosi asubuhi akapiga simu.

"Umeifanya nini?"

"Nimesafisha feni. Haina kelele tena, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Haipumui."

"Mashine?"

"Alikuwa anapumua, na wewe umemnyamazisha."

Akakata. Fundi akapiga mara tisa, hakuna jibu. Mwalimu aliizima laptopu, akaifungia kabatini. Sweta akaiacha pale pale kitandani, na vitabu akasahihisha amekaa sakafuni.

Wiki mbili fundi aliitazama ile sufu, aliyokuwa ameihifadhi kwenye kifuniko cha kopo. Alilirudia lile neno, haipumui, mpaka likamwingia. Ndipo akaenda kumngoja kwenye lango la shule, mchana, shati limepigwa pasi upande mmoja.

"Sikuja kubishana," alisema. "Mimi kila mashine inayopiga kelele huirekodi kabla sijaifungua, nije nilinganishe. Sauti yake ninayo. Ni yako."

Akampa simu na visikilizio. Mwalimu akasimama pale, wanafunzi wakimpita huku na huku, amefumba macho. Akasikiliza yote, akairudia.

"Pembeni kuna watu wanacheka," alisema.

"Ni sisi. Niliirekodi siku ile ile, tulipofika dukani bado tunacheka."

Mwalimu akavua kisikilizio kimoja. "Mume wangu hakupumua hivi. Hii ni feni."

"Niifute?"

"Usiifute." Akalitazama lile shati. "Pasi yako nayo imeharibika?"

"Nilikuwa na haraka."

"Njoo kesho saa nne asubuhi. Uje na meza. Nilikudanganya, fundi, sina meza."

"Najua. Nitakuja nayo kichwani."

Siku hiyo mwalimu alifika nyumbani jua bado kali. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo anao mwenyewe, na laptopu ndani yake, imezimwa wiki mbili. Akaenda kitandani kuikunja sweta.

Ilikuwa na joto, pale pa kifua.

Hakupiga kelele. Alikaa upande wake wa kitanda, akaweka kiganja juu yake, akangoja mpaka ikapoa. Kisha akaikunja.